Tundu Moja kwenye Mgunga

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukigawa nguo za marehemu mama yangu, nilikuta fundo kwenye pindo la shali yake kuukuu. Wanawake wa kwetu hufunga vitu vyao vidogo kwenye pindo: iliki, ufunguo wa sanduku, kipande cha ubani. Nilifungua nikitegemea iliki. Ndani mlikuwa na kibonge cha manyoya ya ngamia, yamefungamana, rangi ya chai ya maziwa. Binti yangu akasema, "Tupa hiyo, Mama, itakuwa imeshaingia wadudu." Nilikinusa kwanza. Hakikuwa na harufu yoyote. Nikatoka nje nikakaa kizingitini, nikalia kile kilio kilichonikataa siku ya mazishi.

Ninyi wa umri wangu mliokulia upande wetu, kati ya Garissa na Wajir, mkisikia mtu wa wakati wa vita vya shifta akisema "kijiji" mnajua anazungumzia nini. Serikali ndiyo iliyokiita kijiji. Mama alikiita hero, yaani zizi la mifugo, na sijapata kusikia jina lililokifaa zaidi. Palikuwa na uzio wa miiba uliorundikwa kupita kimo cha mtu, nje yake waya, na lango moja lenye askari. Ndani tulibanwa familia ambazo porini zisingejenga karibu kiasi cha kusikiana zikikohoa. Kamba ya nyumba yetu ya mikeka ilipita juu ya kigingi cha jirani, na yake juu ya chetu. Asubuhi tulihesabiwa, jioni tukahesabiwa tena. Mbuzi walitoka kwa saa chache, askari nyuma yao, wakazunguka pale pale walipokwisha kupamaliza jana, wakarudi na njaa yao. Mimi nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele. Ninachokumbuka zaidi ni shingo kuniuma kwa kutazama juu, kwa sababu juu ndiko pekee kulikokuwa hakuna uzio.

Baba yangu, Aabo, hakuingia. Tangazo lilipotoka kwamba kila familia iingie na mifugo yake, alitusindikiza mpaka tukaiona bendera, akamwachia mama punda mmoja na mbuzi, akageuka na ngamia wake kurudi porini. Aliamini kwamba ngamia akifungiwa hafiki mbali, na hakukosea. Ngamia walioingizwa na wenzetu walikufa wote kabla ya mvua kunyesha, tukawa tunaziba pua mizoga ikikokotwa kwa kamba kupita langoni. Mama aliwaambia askari kwamba mumewe amefariki. Mtu mzima yeyote aliyekutwa nje ya uzio bila kibali alihesabiwa kuwa shifta, yaani mwasi, na shifta hakuulizwa maswali. Ndiyo maana siku ile ya kwanza alinikalisha chini, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Habiba, jina la Aabo halitoki mdomoni mwako. Ukiulizwa, sema alikufa. Umesikia?"

"Nimesikia, Hooyo."

Na kweli nilisikia. Jina la Aabo sikulitaja hata kwa mbuzi. Ila mama alisahau kunikataza kuwataja ngamia, na mtoto huacha kile tu alichokatazwa.

Kuna watu wanaosema ndege huimba kwa furaha. Hao hawajakaa na ndege. Ndani ya kijiji kulikuwa na mti mmoja tu wa maana, mgunga mzee, na pale tawi lake kubwa lilipovunjika zamani palikuwa na tundu la kuingia ngumi ya mtoto. Mti mmoja, tundu moja. Mbele ya tundu hilo sikuona furaha hata siku moja. Niliona vita. Hondohondo alikuja, akachungulia kwa mdomo wake mrefu, akaona hapaingiliki, akaondoka na kelele zake. Wakaja kwenzi, wale wa buluu inayong'aa wenye tumbo la kahawia, dume na jike, wakajitangazia umiliki. Kila alfajiri dume alikaa kwenye kijiti juu ya tundu akipiga kelele, nami nilidhani anatuamkia. Mama akacheka, moja ya mara chache alizocheka mle. "Anakuamkia wewe? Anasema hapa pangu, atakayesogea nitamtoa jicho."

Mama alijua alichokuwa akikisema, kwa sababu na sisi chini tulikuwa hivyo hivyo. Kivuli cha mgunga kilitosha nyumba nne, na nyumba zilikuwa kumi na kitu zilizokitaka. Jirani yetu, Eedo Batula, yaani shangazi kwa heshima, mwanamke niliyezoea kumwona porini akituletea siagi bila kuombwa, alikuwa akisogeza vigingi vyake kila tulipokwenda kisimani. Leo dhiraa, kesho nusu dhiraa. Mama naye akavirudisha. Hawakugombana kwa maneno, maana walikuwa watu wa heshima, lakini salamu zao zilikuwa fupi na kavu. Mimi yule kwenzi jike nikampa jina la Eedo Batula, na nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Waliokuja kushindana na kwenzi ni ndege wa kupe. Wengine humwita askari wa kifaru, ingawa sisi vifaru hatukuwa nao. Kwetu alikuwa ndege wa ngamia na ng'ombe, mdogo, wa kijivujivu, mdomo mwekundu na duara la manjano kuzunguka jicho. Hukaa mgongoni mwa mnyama akimtoa kupe, na mnyama hutulia. Walikuwa wakiingia asubuhi bila kumwonyesha mtu kipande, wakitokea upande wa jua linapochomoza. Mle ndani mifugo ilikuwa michache na ndege wengi, basi mgongo wa punda wetu uligeuka uwanja wa ngumi. Sita, saba, wanasukumana, wanapigana mabawa. Kupe walipokwisha walianza kudonoa kidonda alichochubuliwa na mzigo, wakinywa damu yake. Mama alikipaka kidonda majivu, nao wakarudi. Punda alifungwa kamba fupi, hakuwa na pa kukimbilia, akawa anatingisha masikio tu.

Wawili kati ya hao walilitaka tundu. Kwenzi walipokwenda kutafuta wadudu, wale wawili waliingia, wakatoa majani makavu ya kwenzi, wakaweka yao. Kwenzi waliporudi wakatoa ya wale. Ikawa hivyo siku nyingi, anayeingia anatupa, anayerudi anatupa. Nilikuwa nakaa chini ya shina na mdomo wazi, nikiokota walichoangusha. Kwenzi alileta nyasi na mavi makavu ya mbuzi. Ndege wa kupe alileta manyoya, kwa sababu hujitandikia kiota chake kwa manyoya anayoyang'oa mgongoni mwa mnyama. Siku moja nikaokota manyoya laini, marefu, rangi ya chai ya maziwa, nikampelekea mama kwa sababu yalikuwa mazuri.

Alikuwa akisuka mkeka. Aliyachukua, akayasugua kati ya vidole, akayapeleka puani. Kisha akatazama langoni, akatazama nyumbani kwa Batula, akayatia ndani ya nguo kifuani.

"Umeyatoa wapi?"

"Ndege wa kupe. Kwenzi ameyatupa."

"Ni ya Suban," akasema kwa sauti ndogo sana. Suban alikuwa ngamia jike wa baba, kiongozi wa kundi, mwenye kengele ya mti shingoni, na hakuna ngamia mwingine niliyemwona mwenye rangi ile. Kijijini hakukuwa na ngamia hata mmoja tena. Mtoto wa mfugaji haambiwi mara mbili. Manyoya ni mabichi, kwa hiyo Suban yu hai. Ndege huyu haendi mbali na kiota chake, kwa hiyo Suban yu karibu. Na alipo Suban ndipo alipo yule ambaye jina lake sikupaswa kulitaja.

Tangu siku hiyo mama alianza kufagia chini ya mgunga. Batula aliona ni ujanja mpya wa kunyakua kivuli, akanuna. Mama alifagia asubuhi na alasiri, akiinama polepole, na kila alipopata manyoya uso wake ulilegea kidogo, akala siku hiyo. Asipopata, alikaa mlangoni akitazama juu mpaka macho yakamtoka machozi kwa jua. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yake, na tarishi wake walikuwa ndege wawili wanaopigwa kila siku na kwenzi. Nililielewa jambo hilo kwa namna yangu. Nilielewa kwamba kwenzi wakishinda, ndege wetu watahama, na manyoya hayatakuja, na mama hatakula. Kwa hiyo lazima wetu washinde.

Nilijaribu mwenyewe. Nilirusha mawe, lakini mkono wangu haukufika. Nilipanda shina, miiba ikanichana, nikachapwa. Kwenzi walizidi ukali. Siku moja walimng'oa manyoya ya kichwani jike wa ndege wa kupe, akakaa kwenye uzio akihema.

Langoni kulikuwa na askari mmoja wa bara, Mkamba, jina lake Kilonzo. Nasema bila haya kwamba nilimpenda. Alikuwa na mwanya, na alisema ana mtoto kwao wa kimo changu. Alinifundisha Kiswahili changu cha kwanza kwa kunionyesha vitu kimoja kimoja, na nilipopatia aliniwekea sukari kwenye kiganja. Alikuwa na mkono mzuri wa kurusha mawe, niliwahi kumwona akimpiga mbwa kutoka mbali. Nikaenda kwake nikikimbia.

"Askari, kuja! Kuja biga hiyo ndege!"

"Ndege gani, Habiba?"

"Ile ya buluu. Nafukuza ile ingine. Ile ingine nzuri sana, nalete nywele ya ngamia."

Alicheka. Alikuja mpaka chini ya mti, akaweka bunduki begani vizuri, akaokota jiwe. "Ngamia gani, we mtoto? Hapa ngamia si zilikwisha?"

"Si hapa. Ngamia yetu. Suban."

Akasimama na jiwe mkononi. "Ngamia yenu iko wapi?"

Nilimwonyesha kwa midomo, kama tunavyoonyesha sisi, upande wa jua linapotoka. "Huko. Ndege natoka huko kila siku."

Alitazama huko kwa muda. Kisha akarusha jiwe, la pili, la tatu. La tatu lilimpata kwenzi dume ubavuni, likamwangusha. Jike akaruka akapotea. Kilonzo hakucheka tena. Alinipa sukari, kiganja kizima, akarudi langoni bila kunifundisha neno.

Nilirudi nyumbani nikiwa mshindi. Mama alikuwa akimimina maji kwenye sufuria.

"Hooyo, askari amewaua kwenzi! Nimemwambia ndege wetu wanaleta manyoya ya Suban."

Maji yaliendelea kumiminika, sufuria ikajaa, yakafurika, yakamwagika mchangani, naye hakuyaona, na maji yale alikuwa ameyapanga foleni tangu alfajiri. Aliniambia nirudie nilichosema, neno kwa neno, kwa Kiswahili nilichotumia. Nilirudia. Nikaonyesha na midomo. Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha.

Akajifunga shali akaenda langoni. Nilimfuata. Zamu ilikuwa imebadilika, Kilonzo hakuwepo, alikuwepo mwingine asiyejua mtu. Mama aliomba kutoka kuokota kuni.

"Kuni ilikuwa jana," yule akasema.

"Mtoto nagonjwa, afande. Nataka dawa ya mti. Hapo tu."

"Mama, rudi. Nimesema rudi."

Akarudi nyuma ya nyumba, kwenye uzio. Nilimwona akitia mkono ndani ya miiba mpaka kwenye kiwiko, kana kwamba anapima unene wake, akautoa ukiwa unachuruzika damu. Porini mama yangu angetembea mwendo wa siku mbili bila kusimama. Pale ilikuwa hatua mia chache mpaka vichakani, na hakuweza. Siku mbili hakukaa chini. Alizunguka uzio ndani kwa ndani, akarudi, akazunguka. Asubuhi ya siku ya pili wale ndege wa kupe wawili, ambao sasa tundu lilikuwa lao, waliruka juu ya kichwa chake wakaenda zao upande wa mashariki. Aliwapigia kelele. Alisema, "Mwambieni!" Ndiyo mara pekee niliyomwona mama yangu akisema na ndege, na mimi nilimwonea haya kwa sababu watu walikuwa wakitazama.

Malori yalipita kabla ya adhuhuri. Risasi tulizisikia muda mrefu, moja moja, kwa utulivu, kama mtu anayepasua kuni. Jirani zetu wote walisimama nje, na Eedo Batula akaja akasimama kando ya mama, akamshika mkono ule uliochanika. Baada ya hapo tumbusi wakaanza kuzunguka kule mashariki, wakaongezeka, kongoti wakawafuata, na hata kunguru wa kijijini wakaacha majaa yetu wakaenda kugombania vinono. Ndege wa kupe hawakurudi. Sikuwaona tena.

Aabo aliletwa kwenye lori, amefungwa mikono, uso umevimba upande mmoja. Yu hai. Ngamia wote waliuawa mbele yake, Suban wa kwanza. Waliokuwa na busara walisema tumshukuru Mungu, wenzake wengi hawakuletwa hata maiti. Mimi nilifurahi kwa furaha ya kijinga kabisa, kwa sababu nilikuwa nimemleta baba nyumbani. Walimfungia kwa majuma kadhaa, kisha wakamwachia aingie kijijini ahesabiwe nasi. Kilonzo alihamishwa wakati huo huo. Sijui alipeleka taarifa kwa nia gani, au aliisimulia tu kama kichekesho wakila. Nimemchukia na nimemsamehe mara nyingi.

Siku Aabo alipoingia nyumbani, mama alinituma maji. Niliporudi, baba alikuwa ameketi nje, amempa mlango mgongo. Kesho yake mama alikamua mbuzi, akampelekea maziwa kwenye bakuli la mti, akanyoosha mikono yote miwili. Baba akatazama pembeni. Mama akabaki ameinama na bakuli, muda ambao mpaka leo naweza kuupima. Kisha baba akasema, "Habiba, niletee maziwa yangu."

Nililichukua mkononi mwa mama, nikageuka, nikampa. Hatua mbili. Jioni ikawa hivyo tena, na kesho, na mwezi uliofuata. Nilijiona nimekuwa mkubwa. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba baba yangu hanywi maziwa mpaka niyalete mimi. Baadaye, nilipopata akili na kuelewa nilichokifanya kwa kiganja cha sukari, nilijifariji kwa jambo hilo hilo. Niliamini baba anajua kuwa ni mimi, na kwamba kupokea bakuli mkononi mwangu ndiyo namna yake ya kuniambia amenisamehe.

Uzio uliondolewa, tukahamia Garissa, baba akawa mlinzi wa ghala la ngozi. Hakufuga ngamia tena. Hakumwacha mama, hakuoa mwingine, hakumpiga wala kumtukana. Ila hakupokea kitu mkononi mwake. Nilipokwenda chuo cha ualimu, waliweka kigoda katikati yao. Mama anaweka juu yake, anarudi nyuma, baba anachukua. Wageni waliona ni adabu ya kizamani.

Nilimuuliza siku moja, nikiwa tayari mwalimu na mke wa mtu. Tulikuwa ndani, tukichambua mchele, na baba alikuwa uani akisali.

"Hooyo, kwani Aabo ana nini na mkono wako?"

Aliendelea kuchambua. "Aliniuliza nani alisema. Nikamwambia ni mimi. Nilimwambia nilijisifu kwa Batula kwamba mume wangu bado ana ngamia, na Batula ana mdomo."

"Lakini ni mimi."

"Najua ni nani."

"Ungesema ni mtoto. Angemfanya nini mtoto?"

"Asingekufanya kitu. Angekutazama tu." Akatupa kokoto moja mlangoni. "Kila siku angekutazama. Mimi nilikuwa mtu mzima, ningestahimili kutazamwa."

Nikainuka. Nilisema nakwenda uani sasa hivi, akitoa salamu namwambia. Mama alinishika gauni kwa nguvu ambazo sikujua kuwa bado anazo.

"Kaa chini. Umeshakuwa mwalimu wewe, unadhani kila kitu ni chako kukisahihisha. Hicho ni changu. Mle ndani niliingia na nyumba, na punda, na mbuzi, na mume. Nilichotoka nacho ni hicho. Usiniibie."

Nikakaa. Kutoka uani baba akaita apelekewe maji. Mama akamimina kikombe, akaniwekea mkononi, nikapeleka.

Baba alifariki miaka mingi iliyopita bila kuambiwa. Nilikaa kando ya kitanda chake siku tatu, na mama alikaa upande wa pili akinitazama mdomo. Sasa yeye naye amekwenda, na hakuna aliyebaki wa kunishika gauni. Si Mama, Aabo. Ni mimi.